Ndoo ya Mwisho: Historia ya Kukausha Lori Bila Madoa ya Maji, Kuanzia Masasi Hadi Newala

Msimu wa korosho ukifunguliwa, picha za malori zinajaa mitandaoni kushinda picha za harusi. Fuso limetoka kuoshwa, limepaki chini ya mwembe pale Masasi, utingo kakaa kwenye bampa kapiga pozi la nguvu. Picha kali. Mara anatokea mtu kwenye komenti: "Kaka, mbona lori lako lina mba?" Watu wanacheka, lakini ukiivuta picha karibu unaona jamaa kasema kweli. Mlango mzima una viduara vyeupe, kama mtu kaunyunyizia maziwa yakakaukia hapo hapo.

Lori lile limeoshwa vizuri tu. Sabuni imepita, dodoki limepita, vumbi limetoka. Kilichoharibu ni zile dakika 20 baada ya kuosha, pale kila mtu anapodhani kazi imeisha na jua litamalizia.

Sasa hizo dakika 20 zina historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Na ukitaka kuielewa, sehemu nzuri ya kuanzia ni barabara inayotoka Masasi, inavuka mto Mwiti, kisha inaupanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Huku maji yameamua watu waishi wapi, wanawake waamke saa ngapi, na lori lioshewe juu au chini ya mlima.

Doa linatoka wapi

Kwanza sayansi kidogo, mtihani haupo.

Maji ya mvua yakiwa bado yanadondoka hayana mzigo mkubwa. Yakishazama ardhini na kupita kwenye mawe na udongo, yanayeyusha vitu njiani, hasa kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo maana maji ya kisima kirefu au ya chemchemi mara nyingi ni "maji magumu", lile neno la darasani: sabuni inagoma kutoa povu, na birika la chai linaota ukoko mweupe kwa ndani.

Tone la maji hayo likikaa kwenye mlango wa lori, jua linachukua maji peke yake. Madini hayapandi na mvuke, yanabaki. Tena yanajikusanya zaidi pembeni mwa tone, ndiyo maana doa linakuwa na umbo la duara. Ule weupe ni jamii ya chokaa. Piga hesabu ndogo: kama maji yana miligramu 300 za madini kwa lita, na ikabaki lita moja tu mwilini mwa lori, basi zitabaki gramu 0.3 za unga mweupe zimetawanyika kwenye mamia ya matone. Ni chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu, lakini juu ya rangi nyeusi au bluu iliyoiva inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo kanuni ni moja. Maji yaondoke kwa kutiririka au kwa kufutwa. Ukiyaacha yakauke yenyewe, yanakuachia mzigo wake.

Uwanda wenye mvua, usio na maji

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na kule chini kabisa ndiko bonde la mto Ruvuma, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Ni mandhari ya kupiga picha mpaka simu ijae. Kwa mtu mwenye ndoo kichwani, mandhari hiyo hiyo ilikuwa mateso.

Mvua inanyesha Newala, tena ya kutosha kulima muhogo na mtama na kukuza mikorosho. Shida ni ardhi yenyewe. Uwanda ni wa mchanga na mawe ya mchanga, kwa hiyo maji yanazama moja kwa moja mpaka chini sana, halafu yanatokea kama chemchemi kwenye miguu ya mteremko. Juu hakuna mto. Maji yako chini, watu wako juu.

Kwa nini sasa watu waishi juu? Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha kabisa, mtafiti mmoja wa Kijerumani alipita Masasi, Newala na Mahuta akiandika maisha ya watu. Alisimuliwa hadithi ya Wamakonde walivyoanza. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, usiku ukapita, asubuhi sanamu ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na mto, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wa tatu akazaliwa huko juu uwandani, akakua. Tangu hapo likabaki agizo: msikae mabondeni, na nyumba ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja hivi.

Hadithi hiyo ina akili. Mabondeni kuna mbu na magonjwa. Na karne ya 19 kulikuwa na hatari nyingine, wakamata watumwa pamoja na vikosi vya Wangoni vilivyokuwa vinavamia kusini. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome. Masasi, iliyo chini kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, iliyaona hayo kwa macho yake. Misheni ilianzishwa pale mwaka 1876 kwa watu waliokombolewa utumwani, na mwaka 1882 Wangoni wakaivamia.

Bili ya usalama huo walilipa wanawake. Kushuka mteremko alfajiri, kuchota, kupanda na mzigo wa maji kichwani, kila siku ya Mungu. Debe moja la mafuta ya taa, ambalo baadaye likawa kipimo cha maji nchi nzima, linabeba karibu lita 20. Lita 20 ni kilo 20. Ukizimwaga kuoshea tairi moja la lori, umemwaga asubuhi nzima ya mama wa mtu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofuata malori yalipofika.

Lori linachukua ufalme

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitaka mafuta ya kula na ikaamua kulima karanga Tanganyika. Mradi ulianza mwaka 1947, na kwa upande wa kusini makao yake yakawa Nachingwea, jirani na Masasi. Yaliletwa matrekta na malori, mengi yakiwa mabaki ya vita. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kwenda Nachingwea, na baadaye tawi lake likafika Masasi. Karanga zenyewe ziligoma. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshakufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda na maji.

Reli nayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa. Kuanzia hapo, chochote kilichotoka au kuingia Masasi na Newala kilipanda lori. Magunia ya korosho, simenti, chumvi, mabati, wagonjwa, maharusi, hata maiti. Yakaja ma-Bedford, baadaye Scania, ambazo kiwanda cha TAMCO Kibaha kilikuwa kikiziunganisha hapa hapa nchini. Mwenye lori alikuwa mtu mzito mjini. Dereva wake alikuwa staa kuliko mwanamuziki.

Na nyuma ya dereva alikuwepo utingo. Jina lake halijaandikwa popote. Anafunga turubai, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anashuka kusukuma lori likikwama, analala chini ya chasisi kulinda mzigo, na anaosha. Kuosha ndiyo ilikuwa shule yake. Kijana anayelijua lori kwa kitambaa anajua kila nati ilipo, anajua wapi pameanza kuota kutu, anajua taa ipi imelegea. Siku dereva akimwambia, "Dogo, lisogeze pale kivulini ulioshe," hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza la usukani. Madereva wengi wa zamani walianzia hapo hapo, kwenye ndoo.

Ila ndoo yenyewe ilitoka wapi?

Maji ya kununua

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda shirika la maji kwa ajili ya uwanda wa Makonde. Mashine zikasukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na watu wakanunua kwa debe. Mitema, huko bonde la Kitangari, mpaka leo ndiyo jina linalotajwa maji ya Makonde yakizungumzwa.

Baada ya uhuru serikali ilijipa lengo kubwa. Mwaka 1971 ilitangaza mpango wa miaka 20, kwamba ikifika 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Wafini walikuja mikoa ya Mtwara na Lindi tangu mwaka 1972 wakasaidia kupima vyanzo, kuchimba visima na kutandika mabomba. Lakini kupandisha maji mlima mrefu kunataka mashine nzima, dizeli na vipuri. Kimoja kikikosekana, bomba linakohoa upepo tu. Mwaka 1991 ulipofika, mita 400 zilikuwa bado ndoto kwa wengi. Mwaka 2022 mradi wa Makonde ukaingia kwenye ule mpango wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India. Yaani kazi iliyoanza miaka ya 1950 bado inaendelea.

Ndiyo maana Newala nyumba ya bati inaheshimika kwa jambo moja ambalo Dar hawaliwazi: bati ni mtego wa mvua. Maji yanatoka kwenye bati, yanapita kwenye mfereji, yanaingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Kinajazwa masika, kinatumika kiangazi, na mwenye kisima kikubwa anauzia majirani.

Sasa weka lori katikati ya maisha hayo. Kuosha Fuso kwa ndoo 10 ni lita 200. Nani atakuachia uoshe lori kwa lita 200 Newala mwezi wa kumi, wakati wanawake wamepanga foleni ya madumu? Busara ilikuwa kuoshea chini, kabla ya kupanda. Na ukilazimika kuoshea juu, unatumia maji machache kwa akili nyingi. Hapo ndipo kukausha kunageuka ufundi, maana mtu mwenye maji machache hawezi kurudia kosa.

Ndoo ya mwisho

Mtu mwenye bomba anaweza kusuuza lori mara tano. Mwenye ndoo sita anapanga bajeti. Ndoo mbili za kwanza za kulowesha na kung'oa vumbi, mbili za sabuni, moja ya kusuuza. Ndoo ya mwisho inawekwa pembeni, imefunikwa, hakuna kuchovya dodoki wala mkono. Hiyo ndiyo inayopita juu ya rangi kwa mara ya mwisho, kwa hiyo ndiyo itakayoamua madoa.

Ikiwa ndoo hiyo ya mwisho imetoka kwenye kisima cha mvua, mchezo umeisha. Maji ya mvua hayajapita kwenye mawe, yamebeba madini kidogo sana. Hata tone moja likikukimbia likakaukia nyuma ya kioo, halina mengi ya kuacha. Watu wa mbali wananunua mashine za kuchuja madini kwenye maji ya kuoshea magari. Newala kitu hicho kinashuka kutoka mbinguni, ukikilinga.

Kimwage taratibu, bila kurusha. Maji yakirushwa yanavunjika matone elfu. Yakimiminwa kutoka juu ya kabini polepole, yanashikana yanakuwa kama shuka, na shuka hilo likiteremka linaburuza matone mengine. Nusu ya kukausha inafanyika hapo, kitambaa hakijaguswa.

Kutoka foleni ya sabuni mpaka fulana ya mtumba

Kitambaa nacho kina stori yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilipitia ukame wa bidhaa. Sabuni, sukari, unga, khanga, vyote vya foleni. Mwaka 1983 ikaja ile kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kuonekana na katoni ya sabuni nyumbani. Kipindi hicho hata tambara zuri lilikuwa mali. Nguo ilivaliwa mpaka ikafa, ikashonwa, ikavaliwa tena. Kilichobaki cha kufutia lori kilikuwa kipande cha gunia au nguo iliyochoka kabisa, na gunia linakwaruza rangi.

Ilipofika enzi ya ruksa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, biashara ikafunguliwa na mitumba ikaingia kwa marobota. Hapo utingo akapata zawadi ambayo hakuna aliyemkusudia: fulana ya pamba iliyofuliwa mara mia huko Ulaya au Marekani mpaka imelainika. Pamba iliyochoka inanyonya maji vizuri kuliko mpya. Siri ni kukata pindo, kutoa vifungo na zipu, na kuikwepa nguo ya nailoni, ambayo inasukuma maji huku na huku bila kuyanywa.

Wakati huo dunia ilikuwa na njia zake. Wazungu walikuwa wakifutia magari kwa ngozi laini, zamani ya mnyama wa milima ya Alpi anayefanana na mbuzi, siku hizi ya kondoo. Mwaka 1936 mhamiaji mmoja wa Kiitaliano huko Oakland, Marekani, alitengeneza kile kifaa chepesi cha shaba chenye ukingo wa mpira cha kuvutia maji kwenye vioo. Kijukuu chake ndicho unakiona kwenye kila kituo cha mafuta. Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kijapani akafanikiwa kutengeneza nyuzi nyembamba mno za kiwandani, na kwenye miaka ya 1990 nyuzi za aina hiyo zikawa vitambaa vya usafi. Ndizo zile taulo za maikrofaiba zinazouzwa Kariakoo mpaka stendi ya Masasi, zenye manyoya mafupi, zinazonywa maji kama ngamia.

Hakuna hata kimoja kinachoshinda akili ya kivulini. Taulo la bei mbaya juu ya bati lililochemka saa saba mchana litakuta matone yameshakufa, yamebaki makaburi.

Jinsi inavyofanyika sasa

Masasi ya leo ina maji ya bomba kutoka Mbwinji, chanzo kinachohudumia pia Nachingwea, na vijiwe vya kuoshea magari vina mashine za presha. Mashine ndogo inakula lita 6 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ni lita 180 hadi 300. Maji yapo, mashine ipo, na bado madoa yapo, kwa sababu haraka imeongezeka. Wanaotoa lori safi wanafuata mpangilio huu.

Wanaosha asubuhi, au jioni jua likilegea. Lori likitoka safarini wanaliacha lipoe kwanza. Ukiweka kiganja kwenye boneti au mlango na ukashindwa kukiacha hapo, bado.

Wanakwenda upande kwa upande. Fuso ni kubwa, ukiosha lote ndipo uanze kukausha, upande wa kwanza umeshajikausha wenyewe. Upande mmoja unaoshwa, unasuuzwa, unafutwa, ndipo wanahamia wa pili.

Wanaanzia juu. Paa la kabini, kioo cha mbele, milango, shoo, bampa. Kwenye vioo wanapitisha mpira kwanza, wanaufuta kila mvuto. Kwenye rangi wanatumia kitambaa, kwa sababu kipunje kimoja cha mchanga chini ya mpira kinachora mstari ambao polishi haiufuti.

Vitambaa ni viwili. Cha kwanza kimeloweshwa kikakamuliwa sana, hicho kinabeba maji mengi. Cha pili ni kikavu, kinamalizia ukungu uliobaki. Kikidondoka chini hakirudi kwenye rangi, kinashushwa daraja kwenda kwenye rimu na madigadi.

Kisha wanasubiri dakika chache na kuzunguka tena. Maji yanajificha nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya vitasa, kwenye mzunguko wa taa, chini ya herufi na stika. Lori likiguswa tu yanatiririka kama machozi, na mstari mmoja mweupe unaharibu mlango mzima. Milango inafunguliwa, inatikiswa, kingo zinafutwa.

Kama lori limepigwa polishi, matone yatasimama kama shanga. Yanapendeza kwenye video, lakini kila shanga ikikauka ni doa lenye mpaka safi kabisa. Lori lenye polishi ndilo linalotaka kukaushwa zaidi.

Na huku kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji: vumbi. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilometa 210, imengojea lami miaka mingi, na kipande cha kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala mpaka Masasi kimeingia mikononi mwa wakandarasi miaka ya karibuni tu. Lori likiingia kwenye vumbi jekundu likiwa na majimaji, vumbi linashika kama unga kwenye samaki. Yakikauka, umepata madoa na plasta kwa pamoja. Ndiyo sababu ile tabia ya kupangusa bodi kwa dizeli ili ling'ae haifai. Linang'aa kwa kilometa tano, halafu linaokota vumbi lote la wilaya, na mipira ya milango inavimba.

Doa likishakauka, lisikwanguliwe kwa kucha wala dodoki la waya. Asidi laini inaliyeyusha, ndimu au siki iliyochanganywa na maji. Inapakwa kwa kitambaa, inaachwa muda mfupi kivulini, inasuuzwa yote, na pale panafutwa pakavu. Ndimu ikiachwa juani inaleta balaa jipya.

Jambo moja zaidi. Zamani lori liliingizwa mtoni likaoshewa humo humo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Kwa watu ambao bibi zao walishuka mlima kufuata chemchemi, sheria hiyo haihitaji maelezo marefu. Oili ya lori lako juu ya mteremko ni chai ya mtu aliye chini.

Pale ambapo hakuna anayepiga picha

Mpaka hapa mtu anaweza kusema yote haya ni urembo. Lakini kuna sehemu mbili za lori ambazo zisipokaushwa, hasara haiishii kwenye komenti.

Ya kwanza ni sakafu ya bodi. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara, korosho ya mkulima inatoka chama cha msingi kwenda ghala kuu, na huko inapimwa ubora. Korosho ghafi inatakiwa iwe kavu, unyevu usizidi kama asilimia 10. Sasa utingo kaosha bodi saa nne, mbao zimekunywa maji, saa tano magunia yanapangwa juu yake, turubai linafungwa. Magunia ya chini yanatoa jasho njia nzima. Yakifunguliwa yana ukungu, daraja linashuka, na anayeumia ni mkulima aliyepalilia mwaka mzima, ambaye hata hakuwepo lori likioshwa. Korosho ya kusini imeshaanguka vya kutosha. Ilitoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 ikashuka mpaka tani 16,500 hivi msimu wa 1986/87, na imepanda tena kwa jasho. Haistahili kushushwa daraja na ndoo ya maji.

Ya pili ni breki. Malori mengi yanatumia breki za ngoma. Presha ikipigwa kwenye magurudumu, maji yanaingia ndani, na breki iliyolowa inateleza kabla ya kushika. Dereva mjuzi akitoka kuoshea Newala hateremki mlima hapo hapo. Anazunguka kwanza mahali tambarare, mwendo mdogo, akigusa breki kidogo kidogo mpaka zipate joto na kukauka. Vilevile anafungua koki chini ya matenki ya upepo kutoa maji yaliyojikusanya ndani. Hakuna anayeona, hakuna anayelaiki. Lakini mteremko ule chini ya Newala haujali kama milango yako inang'aa.

Vijana wa kazi hii wamepokezana ujuzi huo bila cheti wala daftari. Aliyeosha Bedford kwa debe la kununua, aliyefuta Scania kwa kipande cha gunia wakati sabuni iko foleni, na huyu wa leo mwenye mashine ya presha na taulo la rangi ya chungwa begani, wote majina yao hayapo kwenye kitabu chochote. Wala hayapo ya wale wanawake ambao maji yao ndiyo yalifundisha mji mzima kutomwaga hovyo. Lori lililokauka vizuri, bila doa, lenye sakafu kavu na breki zinazoshika, ndiyo sahihi yao.

Kwa hiyo ukiona Fuso linapita linang'aa kama kioo kwenye vumbi la Masasi, usimsifie tajiri peke yake. Angalia nyuma ya bodi, yupo kijana kakaa juu ya turubai na fulana ya mtumba imelowa mkononi.

Na wewe huko mtaani kwenu lori au gari linakaushwa na nini? Fulana ya mtumba, taulo, au jua ndiyo fundi? Dondosha komenti, na kama mzee wako aliwahi kuwa utingo enzi hizo, mwite jina hapo chini angalau mara moja.